Kivuli Chenye Makufuli Matatu

Simu ya Editruda ilinikuta nimeshavua viatu. Sharti la Mfuko wa Upeo, ulioshika fedha za kikundi chetu, lilikuwa kwamba mtunza kufuli akae peku, nyayo zimegusa sakafu, na tumboni asiwe na kahawa wala kitu kingine cha kuchangamsha damu. Sisi watatu tulikuwa tumekaa hivyo tangu umande haujakauka, ndani ya ofisi ya kikundi cha wakulima wa parachichi wa Lugendo, tukisubiri zamu yetu kwenye foleni. Mzee Batromeo alikuwa amesinzia kama kawaida yake. Shangazi yangu Yustina alikuwa anamenya viazi kwenye beseni. Hakuna aliyemtuma kumenya viazi, lakini yule mama akikaa mikono mitupu anajiona mgonjwa.

Nikatoka nje na simu sikioni. Editruda ni mke wa Otmari, na Otmari ndiye mtoto pekee wa shangazi. Alinieleza kwamba mumewe ameanguka kutoka kwenye mnara wa umeme wa upepo aliokuwa anautengeneza. Yuko hospitali ya mjini. Anaongea, ila daktari amemwita yeye pembeni na kumwambia mambo ambayo hakutaka kuyarudia kwenye simu.

"Mlete mama, Nesta," alisema. "Kila akifumbua macho anauliza kama mama yake amefika."

Nikamjibu tunakuja. Nilijibu upesi, kama mtu aliyeombwa chumvi. Juu ya kichwa changu kikapu cha abiria kinachoning'inia kwenye waya kilikuwa kinapita kushuka mjini, kitupu, milango yake ikigongana kwa upepo. Ukipanda kikapu kile pale kituoni kwetu, hata stori haijaisha umeshafika mjini. Nilikuwa nimeanza kugeuka kwenda kumwita shangazi nilipomwona Melkiori Mligo, mwenyekiti wetu, amesimama mlangoni.

Sikuhitaji kumweleza sana, uso wangu ulishasema nusu. Akavua kofia, akaizungusha mikononi.

"Ukimwambia sasa, kufuli lake halifunguki leo," akasema.

Nilijua. Kila mtu Lugendo alijua. Chini ya mfupa wa bega la kila mtunza kufuli imepandikizwa punje, ndogo kama ya mchele, na kazi ya punje ile ni kusikiliza moyo. Moyo ukitulia, taa yako pale mezani inawaka kijani. Moyo ukiingiwa na hofu, hasira au majonzi, taa inawaka nyekundu, na hakuna hati wala saini itakayokusaidia. Dawa za kutuliza nazo inazijua, inazikataa. Kifaa hicho kilibuniwa baada ya miaka ile ya wizi, watu walipokuwa wanafungwa kamba na kuwekewa panga shingoni mpaka wataje maneno ya siri ya sarafu zao za kidijiti. Serikali ikapiga marufuku mtu wa kawaida kuzimiliki, na wenye mifuko mikubwa wakaja na ufunguo usiotolewa kwa panga. Ni wazo zuri, sikatai. Wabunifu wake waliwafikiria majambazi, sisi hawakutufikiria.

*

Afisa wa Mfuko wa Upeo alipokuja mara ya kwanza alitueleza bila kuficha. Hilo lazima nimpe haki yake. Alisema hatutanunua sarafu ya Zuhura yenyewe, maana sheria haituruhusu. Tutanunua kivuli chake. Zuhura ikipanda bei, kivuli nacho kitapanda. Ikishuka, kitashuka. Hatutakuwa na haja ya kujua Zuhura inakaa wapi wala kuilinda na wezi, kazi hiyo itakuwa ya Mfuko. Watu walimsikiliza kwa adabu, wakaanza kutazama saa. Mtu anayelima parachichi ananunua vipi kivuli?

Ndipo akatoa mkobani vile vifaa, akasema kila kikundi kitapata makufuli matatu. Hapo ndipo alipotupata.

Sisi ni watu wa vikundi. Mama zetu waliweka akiba kwenye sanduku la chuma lenye makufuli matatu. Sanduku linalala nyumba moja, funguo zinalala nyumba nyingine tatu, na mwenyekiti haruhusiwi kuugusa hata mmoja. Sanduku hilo ndilo lililotusomesha wengi wetu, likatuezekea mabati na kutuzikia wazee. Kwa hiyo tuliposikia makufuli matatu, akili zetu zikamalizia zenyewe: kama funguo ziko kwa watu wetu, sanduku ni letu. Watu wa mahali pengine wangeuliza kwanza sanduku lenyewe linalala wapi. Sisi tulishinda siku nzima tukibishana nani apewe ufunguo, tukarudi nyumbani tumeridhika kwamba tumeuliza maswali yote muhimu.

Mzee Batromeo alichaguliwa kwa sababu anafuga nyuki na hashtuki. Shangazi Yustina alichaguliwa kwa sababu amezika mume na wadogo zake wote na bado anaimba kanisani. Mimi nilichaguliwa kwa utani. Nilikuwa mhudumu wa chanjo, naweza kumdunga mtoto anayepiga mayowe bila mkono kutikisika, na watu wakasema Nesta hana moyo, afadhali apandikizwe punje ndani awe na kitu kifuani. Tulicheka sana siku ile.

Kivuli kilipanda. Watu wakauza hata ndama waongeze vivuli. Kisha Zuhura ikaanza kuporomoka, na Mfuko ukatangaza kwamba utafunga dirisha la malipo saa kumi jioni siku hiyo. Kikundi ambacho makufuli yake hayatakuwa yamefunguka kufikia hapo, kivuli chake kitafutwa. Vikundi vyote vya nyanda za juu vikajipanga kwenye foleni moja, na foleni hiyo ilikuwa inatembea kwenye kioo cha kompyuta kilichoning'inia ukutani mwa ofisi yetu, jina baada ya jina.

*

"Si hela zangu peke yangu," Melkiori aliniambia pale nje. "Angalia."

Nikaangalia. Kikundi chote kilikuwa kimekaa kwenye majani ya uwanja wa ofisi, kimya. Walikuwa wamekatazwa kupiga kelele wasije wakatuharibia mioyo. Mbwa wa jirani alifungwa mbali kule chini, watoto walipelekwa kwa majirani, na Mama Anjelusi alikuwa amempakata jogoo wake mapajani huku amemshika mdomo. Siku nyingine ningecheka mpaka mbavu ziume. Karibu kila mtoto wa watu wale nimemdunga mimi. Nilijua nani ameuza ndama, nani ameweka ada ya chuo, na nani hajamwambia mkewe.

Melkiori hakunilazimisha. Angenilazimisha ingekuwa nafuu, ningepata wa kumlaumu. Alisema mimi ndiye ndugu, mimi ndiye niamue, na nikitaka mama aambiwe sasa hivi ataingia kumwambia yeye mwenyewe, kisha atawageukia watu na kuwaeleza. Alisema tu kwamba zamu yetu imekaribia, ni suala la kitambo kidogo. Makufuli yakishafunguka, hapo hapo kikapu, hapo hapo hospitali.

Nikatazama kioo kupitia dirishani. Ni kweli jina letu lilikuwa limekaribia juu.

"Zamu yetu ikipita, tunaondoka naye," nikasema.

"Hata kiti hatutakirudisha mahali pake," akasema Melkiori.

Niliporudi ndani shangazi aliniuliza nani alikuwa anapiga. Nikamjibu Editruda anasalimia. Akauliza kama ni wazima. Nikasema wazima. Akaitikia vizuri, akachukua kiazi kingine, akaanza kunisimulia jinsi Otmari alivyoahidi kuja Jumapili kumrekebishia bomba la maji ya mvua, na jinsi anavyomjua, atakuja ale, alale, aondoke bomba likivuja vile vile. Alicheka peke yake. Taa yake ilikuwa kijani kibichi. Ya Batromeo ilikuwa kijani, naye anakoroma. Yangu ilikuwa nyekundu.

Nilidhani ni kwa sababu nimetoka nje na kurudi, itapoa. Haikupoa. Tulikuwa tumeulinda moyo wa shangazi peke yake. Mimi na mwenyekiti, watu wazima na akili zetu, tulikaa pale nje tukapima nani aambiwe na nani asiambiwe, na hakuna aliyekumbuka kwamba mtunza kufuli wa pili ameshaambiwa.

Melkiori aliiona taa. Akaja taratibu mpaka mezani, akaweka kofia yake juu ya taa hiyo kama mtu aliyechoka kuishika.

Kisha foleni ikasimama. Kikundi fulani cha kule Makete kilikuwa kimekwama, majina yakabaki palepale. Nikaanza kusema kimoyomoyo kwamba yakisogea jina moja zaidi bila sisi kufikiwa, namwambia. Yakasogea, nikajiongezea jingine. Jua likapanda, likaanza kuegemea. Editruda akapiga tena kuuliza tumefika wapi. Nikamwambia tuko njiani, na nilikuwa peku. Alipopiga mara ya tatu niliitazama simu mpaka ikanyamaza. Nikaizima sauti na kuificha chini ya paja.

*

Jina letu likafika. Kioo kikauliza makufuli ya Lugendo. Kijani, kijani, nyekundu. Kikatupa nafasi tujaribu tena. Nyekundu. Kikaturudisha nyuma ya vikundi kadhaa na kutukumbusha kwa lugha nzuri kwamba dirisha litafungwa saa kumi.

Melkiori akainama sikioni pangu.

"Tulia," akasema.

Sijui neno jingine linalovuruga moyo kama hilo. Nilivuta pumzi kwa pua, nikatoa kwa mdomo kama walivyotufundisha. Nilikumbuka mashamba, mvua ya kwanza, kila kitu kizuri nilichowahi kukiona, na katika kila kimoja Otmari alikuwa amekaa pembeni akinitazama. Nililelewa na shangazi tangu mama yangu alipofariki, na Otmari ndiye niliyegombana naye ugali wa moto na kulala naye mkeka mmoja. Nitayatoa wapi mawazo ambayo yeye hayumo?

Habari zikavuja uwanjani kwamba kufuli la Nesta ndilo linalokataa. Walidhani naogopa kuporomoka kwa bei. Mtu mmoja akasogea dirishani, akasema kwa upole kabisa kwamba si tulikubaliana huna moyo, dada, leo umeutoa wapi. Hakukuwa na kejeli ndani yake, alikuwa ananibembeleza. Nyuma yake wote walikuwa wamesimama sasa, wananitazama kifuani. Nilitamani wanitukane.

Zamu ya pili ikafika. Nyekundu tena. Kioo kikasema iliyobaki ni moja, na ni ya mwisho kwa siku hiyo.

Ndipo shangazi akaweka kisu chini. Akanyoosha mkono, akainua kofia ya Melkiori kutoka mezani, akaitazama taa yangu, akanitazama mimi.

"Mwenyekiti, toka nje," akasema. "Unamtisha mtoto."

Melkiori akatoka. Shangazi akafuta mikono kwenye kitenge chake, akavuta kigoda mpaka magoti yake yakagusa yangu, akauchukua mkono wangu wa kulia akauweka katikati ya mikono yake miwili. Ilikuwa na ubaridi wa maji ya viazi.

Akaniuliza kama naogopa hela. Nikainama. Akaichukua kuwa ndiyo. Akasema hela zikienda zimeenda, tulishawahi kuwa bila hela na tulikula. Akanikumbusha ile mvua ya mawe iliyotoboa paa tukiwa wadogo, mimi na Otmari tukajificha chini ya kitanda tukakataa kutoka, mpaka yeye mwenyewe akalala sakafuni, akaingiza kichwa chini ya kitanda, akatuambia tupumue pamoja naye. Otmari alikuwa anapumua haraka haraka ashinde, kama ni mashindano.

"Pumua na mimi," akasema. "Usifikirie kitu. Mimi nipo hapa."

Nilitaka kumwambia. Naapa nilifungua kinywa. Maneno yalikuwa mawili tu, yamepanga foleni kwenye ulimi. Lakini yeye alikuwa anapumua taratibu, kifua kinapanda na kushuka mbele yangu, na mwili wangu ulimjua kabla haujamjua mtu mwingine yeyote duniani. Ukafanya kama ulivyofundishwa utotoni. Mjinga yule moyo wangu ukaanza kumfuata. Nilihisi kabisa unavyotulia, nikauchukia, na hata chuki yenyewe ilikuwa tulivu.

Kioo kikaita Lugendo. Kijani, kijani, kijani.

Uwanjani hawakushangilia mara moja, walikuwa wamezoea kunyamaza. Kisha nikasikia mtu analia kwa furaha, na jogoo wa Mama Anjelusi, aliyeachiwa mdomo hatimaye, akawika. Melkiori akaingia mbio, akasimama mbele ya kioo na kuanza kutusomea kwa sauti. Kikundi kilishukuriwa kwa uaminifu wake. Malipo yalikuwa yamekamilika. Kikundi kilikuwa kimelipwa vivuli vya Mfuko wa Upeo wa Pili, vyenye thamani ile ile, vitakavyofunguliwa dirisha jipya litakapotangazwa.

Akasoma tena. Mara hii sauti yake ilipungua kila neno.

Alipiga namba ya Mfuko huku mkono mmoja ameegemea ukuta. Ikapokea sauti ya mashine, ya kike, yenye adabu. Ikamweleza kwamba kikundi hakikuwahi kumiliki Zuhura. Kilimiliki haki ya kufuata bei yake, na mkataba uliruhusu haki hiyo kulipwa kwa haki nyingine inayofanana nayo. Ikaongeza kwamba punje mpya kwa ajili ya watunza kufuli zitaletwa bila gharama. Melkiori akaishukuru. Ni mazoea tu, mtu akikusalimia vizuri unamshukuru. Kisha akakaa sakafuni pale pale ukutani, na watu wakaanza kuchungulia mlangoni kumwuliza kuna nini.

Mzee Batromeo akaamka, akauliza kama tayari.

Shangazi hakuwa anasikiliza lolote kati ya hayo. Alikuwa bado ameushika mkono wangu.

"Haya, umetulia," akasema. "Sasa niambie kinachokusumbua. Maana kuhangaikia hela si wewe. Nakujua."

Nikaitoa simu chini ya paja nimpigie Editruda, nimwambie ndiyo kwanza tunatoka, nipate hata dakika moja ya kujipanga. Kulikuwa na simu zake nyingi nisizozipokea, na chini yake ujumbe mfupi. Niliusoma mara moja tu. Shangazi akauliza ni nani. Nikamwambia Editruda. Akauliza anasemaje.

Kwetu habari ile haisemwi kwa jina lake, wala haambiwi mtu akiwa peke yake, na mleta habari hutafuta kwanza wazee. Sikuwa na wazee. Nilikuwa na Batromeo anayepiga miayo na mwenyekiti aliyekaa chini. Nikausoma ujumbe kama ulivyoandikwa.

"Anasema tusiende tena hospitali. Twende moja kwa moja nyumbani."

Kwanza uso wake haukubadilika. Midomo ikarudia neno hospitali bila sauti. Hakuniuliza hospitali ipi wala nani anaumwa. Mtu aliyekula chumvi ya kwetu akishaambiwa asiende hospitali, aende nyumbani, haulizi tena. Alitazama mahali fulani kwenye bega langu, na mimi nikaomba kimoyomoyo apige kelele, anipige, aanguke, afanye kitu ambacho nitajua namna ya kukishika.

"Wewe umejua tangu saa ngapi?" akauliza.

"Tangu asubuhi, shangazi."

"Asubuhi alikuwa hai?"

Ningeweza kusema hapana. Lilikuwa limebaki hilo tu la kumpa, uongo mmoja mdogo, na siku nzima nilikuwa nimesema mikubwa zaidi. Haukutoka.

"Alikuwa hai," nikasema. "Alikuwa anakuulizia."

Akauachia mkono wangu. Hakuutupa, aliuweka juu ya goti langu kama kitu cha mtu kinachorudishwa, akainuka, akajifunga kitenge vizuri, akapita katikati ya watu waliojazana mlangoni bila kumtazama hata mmoja. Nilimfuata mpaka kituo cha kikapu. Kilikuja kitupu kama vilivyokuja vyote siku hiyo. Akapanda, na mimi nilipoweka mguu niingie alinitazama, akavuta mlango akaufunga yeye mwenyewe, na kikapu kikaanza kushuka.